Umeme Hutoka Wapi, na Kwa Nini Bei Yake Hubadilika?

Wapangaji wengi wa Juja, Ruiru na Thika hushangaa kuona ya kwamba fedha zile zile walizotoa mwezi uliopita haziwapi umeme kiasi kile kile mwezi huu. Yafaa kila mtu ajue sababu zake, maana ajuaye huweza kujihadhari.

Nchi ya Thika ni ya zamani katika kazi hii. Mwaka 1925 mtambo wa Ndula ulijengwa katika mto Thika, ukaendeshwa kwa nguvu za maji. Baadaye mabwawa makubwa yalijengwa katika mto Tana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, na Masinga 1981. Maji ya mto hayanunuliwi, kwa hiyo umeme wake ni rahisi. Lakini mvua ikikosekana, mitambo hukosa nguvu. Ukame wa miaka ya 1999 na 2000 ulipopunguza maji, umeme ulitolewa kwa zamu.

Kwa sababu hiyo njia nyingine zilitafutwa. Tangu mwaka 1981 mvuke utokao chini ya ardhi huko Olkaria, karibu na Naivasha, huzungusha mitambo, na katika miaka ya karibuni umetoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Ipo pia mitambo ya mafuta mazito, kama ule wa Thika wenye nguvu za megawati 87. Mitambo hiyo haingoji mvua, lakini mafuta yake hununuliwa ng'ambo. Kila mwezi gharama ya mafuta yaliyochomwa huhesabiwa na kuongezwa juu ya bei ya yuniti. Basi mabwawa yakipungua na mafuta yakachomwa zaidi, mnunuzi ndiye alipaye.

Sababu ya pili imo nyumbani mwenyewe. Kwa bei zilizoanza Aprili 2023, nyumba isiyozidi yuniti 30 kwa mwezi ilitozwa shilingi 12.22 kwa kila yuniti. Isiyozidi 100, shilingi 16.30, na iliyozidi 100, shilingi 20.97. Kodi na gharama ya mafuta ni mbali.

Tufanye hesabu. Wapangaji wanne hutumia yuniti 28 kila mmoja. Kila mtu akiwa na mita yake, alilipa shilingi 342.16. Lakini wakishirikiana mita moja, jumla yao ni yuniti 112, nao huhesabiwa kama nyumba moja kubwa. Kila mmoja alilipa shilingi 587.16. Tofauti ni shilingi 245, wala hakuna aliyewasha taa hata moja zaidi.

Kwa hiyo, mtu atakaye kupanga chumba na aulize kwanza kama kina mita yake. Na wenye nyumba wanaojenga sasa wakumbuke kuomba mita kwa kila chumba, ili mpangaji mwenye taa moja asitozwe bei ya mwenye jumba.