SOMO: KUBADILI TAREHE YA KURUDI KATIKA TIKITI YA NDEGE YA BEI NAFUU

Ndugu wafanyakazi,

Mwenzetu mmoja wa hapa Mbuya alikuja likizo kutoka Dubai kumwuguza mama yake. Siku ya kurudi ilipofika mama alikuwa mahututi, naye akabaki bila kuwaarifu wenye ndege. Alipokwenda kuuliza baada ya wiki, tikiti ilikuwa imekufa. Alikopa nauli mpya. Tujifunze.

Kwanza, bei nafuu ina masharti. Tikiti nyingine hazibadilishwi kabisa. Nyingine hubadilishwa kwa malipo. Uliza kabla ya kutoa fedha.

Pili, malipo huweza kuwa mawili: ada ya kubadili, na tofauti ya nauli ikiwa siku mpya ina bei kubwa zaidi. Hata ada ikifutwa, tofauti huweza kudaiwa. Taka kujua jumla.

Tatu, badili kabla ndege haijaondoka. Ulinunua kwa wakala? Anza kwake, ukiwa na pasipoti na namba ya tikiti, yenye tarakimu 13.

Nne, tazama visa yako isije ikaisha. Mwajiri naye akikuongezea likizo, akuandikie. Neno la simu si ushahidi.

Mwisho, dai tikiti mpya yenye tarehe mpya, pamoja na risiti. Entebbe ni mbali, zaidi ya kilomita 40. Usifunge safari kwa ahadi ya mdomo.

Ndugu, msomee na jirani yako asiyejua kusoma.