Somo la Afya ya Nyumbani: Takataka Ipi ni Mali, Ipi ni Sumu?



Leo asubuhi umefagia lupango lako. Maganda ya muhogo, majivu, sashe, kopo la nyanya, mawe ya redio yaliyokwisha nguvu: vyote vimekwenda pamoja nyuma ya nyumba. Hapa Iga Barrière wengi wetu hatupitiwi na lori la kubeba takataka. Basi mwenye kuamua mwisho wa takataka hiyo ni wewe mwenyewe.

Nikifundisha jambo hili, mara nyingi mama mmoja ananijibu, "Mama muganga, hiyo si uchafu tu?" Hapana, mama. Ikichanganywa ni uchafu. Ikitengwa, nyingine ni mali, nyingine ni sumu. Neno la somo letu ni hilo moja: KUTENGA.

1. Kwa nini hili ni jambo la afya?

Mabaki ya chakula yanaita panya karibu na nyumba. Sisi watu wa Ituri tunajua panya analeta nini. Katika zone ya afya ya Rethy, hapa katika Djugu yetu, watu waliugua tena tauni (peste) mwaka 2020 na 2021. Panya akifa, viroboto wake wanamwacha na kutafuta damu ya mtu. Tauni inatibika kama mgonjwa anafika mapema, lakini ni afadhali panya asikaribishwe.

Makopo na matairi yanashika maji ya mvua. Humo anataga mayai mbu anayeambukiza homa ya manjano. Siku 7 hadi 10 tu, na mbu wapya wanaruka.

Plastiki haiozi. Ukiichoma jikoni, moshi wake una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mtoto aliye mgongoni mwako.

2. Tenga mafungu matatu

Fungu la kwanza: vinavyooza. Maganda, majani, mabaki ya mboga. Chimba shimo mbali kidogo na nyumba. Weka tabaka la maganda, tabaka la majani makavu, majivu kidogo, na udongo juu. Kila mara funika kwa udongo, ili panya na nzi wasipate kitu. Nyunyiza maji kidogo. Mboji iwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Igeuze kila juma la pili au la tatu. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mbolea nyeusi kwa bustani yako ya lengalenga na sombe, na hutainunua. Usitie nyama, mafuta wala mavi ya watoto. Kama unawapa mbuzi au nguruwe maganda ya muhogo mchungu, yaanike kwanza juani mpaka yakauke vizuri, maana yakiwa mabichi yana sumu.

Fungu la pili: vinavyotumika tena. Bidoni ya mafuta ya kupikia ikioshwa kwa sabuni, mchanga na maji ya moto, inafaa kuchotea maji. Kopo linakuwa kipimo cha unga au chombo cha kuoteshea miche. Litoboe chini lisishike maji. Chupa na vyuma vina wanunuzi. Viweke pahali pakavu, vikiwa vimefunikwa. Kuhusu sashe, dawa ni kutozileta. Serikali yetu ilizikataza kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini sokoni tunaziona bado. Nenda na kikapu chako.

Fungu la tatu: sumu. Mawe ya redio, betri za gari, bidoni za asidi, za rangi na za dawa ya shamba. Hizi zisirudi jikoni hata siku moja. Kama mtu wa nyumba yako anafanya kazi ya zahabu na kuchoma zebaki, sufuria aliyoitumia isipikiwe tena, hata ukiiosha mara kumi. Wala asichome ndani ya nyumba.

Wengine wanavunja mawe ya redio wapate rangi nyeusi ya kupaka ukuta. Acha! Yatie ndani ya kopo lenye kifuniko, juu, mtoto asipofika. Likijaa, ongea na kamati ya afya ya kartie yenu mpate mahali pamoja pa kuyaweka, mbali na kisima na mto. Bidoni ya dawa ya shamba itoboe, mwingine asiiokote.

3. Kutumia tena bila kufikiri

Siku moja nilikuwa katika zamu na wanafunzi wangu, akaletwa mtoto wa miaka miwili akipumua kwa shida. Mama yake alikuwa mtu wa kutunza vitu, hatupi ovyo. Alitia petroli ya taa ndani ya chupa ya sukre, akaiweka chini ya meza. Mtoto aliijua ile chupa. Akanywa. Bibi yake, kwa upendo, akamtapisha, na petroli ikaingia katika mapafu. Alikaa siku nne na oksijeni, akapona. Si wote wanapona.

Shika mambo mawili. Chombo cha kinywaji kisitiwe kamwe kitu kisichonyweka. Na mtoto akinywa petroli usimtapishe. Mkimbize kwenye santre ya afya pamoja na chupa yenyewe.

Hata kiwanda kinaweza kukosea hivyo. Huko Mombasa, Kenya, katika kijiji cha Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani za magari ili kutoa risasi. Risasi ile ikaingia katika hewa, udongo na damu ya watu, na watoto wakaugua. Mama Phyllis Omido, aliyefanya kazi pale, alianza kupigania haki baada ya mtoto wake mwenyewe kuugua. Mwezi wa saba 2020 mahakama iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo betri ya gari iuze nzima. Usiivunje nyumbani, usiiyeyushe.

4. Anza kesho

Tafuta vyombo viwili na shimo moja. Shimo ni la vinavyooza. Kikapu ni cha vinavyotumika tena. Kopo lenye kifuniko ni la sumu ndogo kama mawe ya redio. Vilivyo vikubwa vifungie mbali na watoto. Waonyeshe watoto wote, hata baba. Anayefagia awe ndiye anayetenga, maana takataka ikiisha kuchanganyika hakuna atakayeitenga.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika lupango lako, panya wanapata chakula wapi?
2. Je, kuna chombo chochote kinachoshika maji ya mvua? Kitoboe leo.
3. Petroli yako iko ndani ya chombo gani, na mtoto anaweza kukifikia?
4. Bidoni yako ya maji ilikuwa na nini kabla hujainunua? Kama hujui, usinywe maji yake.