Chagua Njia Kabla ya Kuongeza Kasi

Mtu yeyote aliyewahi kulala katika mji wa Iten, Kaunti ya Elgeyo Marakwet, anafahamu sauti inayomwamsha mgeni kabla jua halijachomoza. Ni vishindo vya miguu. Wanariadha hupita makundi kwa makundi kwenye barabara za udongo mwekundu, pumzi zao zikitoka kama moshi katika baridi ya alfajiri.

Lakini Iten si mji wa wanariadha pekee. Ni mji wa soko kama miji mingine ya mashambani. Kuna wenye maduka wanaokaa kwenye kiti kutwa nzima, makarani, walimu, madereva wa matatu na akina mama wauzao mboga. Miongoni mwao wapo walioambiwa na daktari kwamba shinikizo la damu limepanda, au kwamba sukari imezidi mwilini, na kwamba yawapasa kufanya mazoezi.

Aghalabu mtu wa aina hii hununua viatu vya raba, huamka mapema na kufuata njia ile ile anayowaona wanariadha wakiifuata. Baada ya siku tatu goti linauma, mapaja yamekaza na hawezi kushuka ngazi. Huviweka viatu chini ya kitanda na kusema, "Kukimbia si kazi yangu." Goti litapona baada ya juma moja au mawili. Hasara kubwa ni kwamba shinikizo la damu linaendelea kupanda ilhali yeye ameacha dawa iliyokuwa haina bei.

Somo letu la leo ni hili: kabla ya kufikiria kasi, fikiria njia.

KWA NINI ITEN

Mji huu uko kwenye kimo cha takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho uzito wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa Mombasa, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Mwili ukikaa huko kwa majuma kadhaa hujizoeza kwa kutengeneza chembe nyingi zaidi nyekundu za damu. Hiyo ni sababu moja inayowavuta wakimbiaji kutoka nchi nyingi. Shule ya upili ya St. Patrick's iliyo mjini humo ilimlea Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988.

Hewa hiyo hiyo inayomjenga mwanariadha humchosha upesi mtu asiyeizoea. Mgeni anayetoka pwani atembee tu kwa siku chache za kwanza, na anapoanza kukimbia asishangae kuona kwamba mwendo wake wa kawaida umekuwa mzito.

MJI ULIO UKINGONI

Jambo la pili ni umbo la nchi. Iten imekaa ukingoni mwa Bonde la Kerio. Ukielekea magharibi, upande wa Eldoret na Moiben, ardhi ni ya uwanda wa juu wenye mashamba na vilima vidogo vidogo. Ukielekea mashariki, ardhi inaporomoka. Barabara ya lami hushuka kwa kona nyingi kupitia Tambach hadi chini bondeni, zaidi ya mita 1,000 chini ya mji.

Hapa ndipo wanaoanza hudanganyika. Njia ya mashariki ni tamu mwanzoni: miguu inakwenda yenyewe, pumzi haisumbui, na mandhari ya bonde yanafurahisha macho. Baada ya dakika 20 mtu hugeuka na kukuta mlima mbele yake. Njia inayoanza kwa mteremko humalizikia kwenye mlima, wakati ambapo nguvu zimekwisha. Isitoshe, bondeni kuna joto zaidi, kwani kwa kila mita 1,000 unazoshuka joto huongezeka kwa nyuzi sita hivi.

Tena mteremko wenyewe una madhara yake. Unaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuzuia mwili usiporomoke, na kazi hiyo huiumiza kuliko kupanda. Maumivu hayaji siku ile ile. Huja kesho yake na kuzidi siku ya pili. Goti nalo hupokea kishindo kikubwa zaidi kila hatua.

NJIA TATU

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, gawanya njia za mji wako katika mafungu matatu.

Ya kwanza ni njia tambarare ya udongo. Hii ndiyo ya anayeanza, kwa majuma manane ya kwanza. Huko Iten ni vijia vya uwandani kati ya mashamba. Mahali pengine inaweza kuwa kiwanja cha shule wakati wa likizo, iwapo mwalimu mkuu ataruhusu. Udongo mkavu ulioshikamana hauna ugumu wa lami.

Ya pili ni njia ya vilima vidogo. Ingia humo ukiwa tayari unaweza kukimbia polepole dakika 30 bila kusimama. Chagua ile inayopanda mwanzoni na kushuka taratibu unaporudi nyumbani.

Ya tatu ni njia ya mlima mrefu. Mfano ni ile ipandayo kutoka Kimwarer bondeni hadi Nyaru, umbali wa kilomita 21 hivi, ambayo wanariadha huiita Fluorspar. Hiyo ni kazi ya waliokomaa. Kadhalika, siku ya Alhamisi asubuhi, kundi kubwa la wakimbiaji hukutana Iten kwa zoezi la kubadilisha kasi: dakika kadhaa za mbio kali, kisha mbio za pole, kisha kali tena. Anayeanza asimame kando awashangilie. Si vyema kuingia humo kwa sababu tu jirani ameingia.

JINSI YA KUANZA

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2020 kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito. Si lazima zote ziwe mbio. Kutembea kwa haraka kwenda sokoni na kurudi kunahesabiwa.

Anza siku tatu kwa juma, ukipumzika siku moja katikati. Kimbia polepole dakika mbili, tembea dakika tatu, na urudie mara sita. Hizo ni dakika 30. Kila baada ya majuma mawili, ongeza dakika moja ya kukimbia na upunguze moja ya kutembea. Iwapo mwili unalalamika, rudia yale ya juma lililopita. Hakuna anayekufukuza.

Kipimo cha kasi ni mdomo wako. Ukiweza kuongea sentensi nzima na mwenzako, kasi inafaa. Ukiweza kutoa neno moja moja tu, punguza.

Kipimo cha njia ni saa. Nenda dakika 15, geuka, rudi. Ukirudi kwa dakika 15 au 16, umechagua vyema. Ukirudi kwa dakika 22, ama uliondoka kwa pupa ama njia hiyo bado ni nzito kwako.

HATARI ZA BARABARANI

Pale ambapo huna budi kupita kando ya lami, kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia usoni. Vaa nguo nyeupe au yenye rangi ya kung'aa. Alfajiri yenye ukungu dereva wa lori hamwoni mtu aliyevaa nyeusi, na boda boda isiyo na taa haiwezi kukuonya. Ni afadhali kungoja hadi saa kumi na mbili na nusu, kukiwa kumepambazuka.

Siku ya soko epuka barabara zinazoingia mjini, kwani zimejaa mikokoteni, mifugo na magari ya mizigo. Wakati wa mvua udongo mwekundu huteleza na kushika viatu, na vifundo vya miguu huteguka. Fupisha hatua au tembea. Radi ikianza, rudi nyumbani.

Akina mama na wasichana wasiende peke yao kwenye vijia vya msituni. Wawe wawili au watatu, na mtu nyumbani ajue wamefuata njia ipi na watarudi saa ngapi. Huo si woga bali ni busara, na hata wanaume ingewafaa.

NANI AMWONE DAKTARI KWANZA

Aliye na ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari, na yule aliyepita umri wa miaka 40 bila kufanya mazoezi kwa muda mrefu, apimwe kabla ya kuanza. Anayemeza dawa asiziache kwa kuwa sasa anakimbia. Ni daktari pekee awezaye kuzipunguza. Anayetumia insulini abebe kitu chenye sukari mfukoni.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kudunda ovyo au pumzi kukatika kuliko kawaida ni ishara ya kusimama papo hapo na kutafuta matibabu, hata kama umebakisha hatua chache ufike nyumbani.

Jumapili hii jioni, tembea ukizunguka mji wako bila haraka. Tazama ni wapi pana udongo laini, ni wapi pana mteremko, ni wapi magari ni machache. Chagua njia moja ya dakika 15. Jumatatu uianze. Mwenda pole hajikwai.