Mshale wa spidi na tairi kubwa
Swali: Nimefunga matairi makubwa kidogo. Sasa simu inaonyesha spidi kubwa kuliko dashibodi. Niamini ipi?

Jibu: Amini simu, mradi barabara imenyooka na hubadilishi mwendo. Spidomita huhesabu mizunguko ya gurudumu tu, na tairi kubwa husogea mbali zaidi kila mzunguko. Kiwandani hupangwa izidishe kidogo, isipunguze kamwe, ndiyo maana hali yako ni ya hatari: mshale ukisema 50 kijijini, tochi ya trafiki yaweza kusoma 54. Hakikisha kwa vibao vya kilomita. Shikilia 80, abiria apime muda. Kilomita moja ni sekunde 45. Zikiwa 42, unakimbia karibu 86. Rudisha saizi iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.