Haya Haizuii Tiba: Muwasho wa Sehemu za Siri



Ndugu zangu, somo la leo linahusu maradhi tunayoyaficha: muwasho wa ngozi sehemu za siri usiokwisha. Fangasi ya kinenani imenisumbua zaidi ya mwaka mmoja, kwa hiyo nawaandikia niliyoelezwa na daktari pamoja na mafundisho ya dini yetu.

Tuanze na haya. Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa akitokwa na madhii mara kwa mara. Aliona haya kumuuliza Mtume (S.A.W.), kwa kuwa alikuwa mkwewe, akamtuma Miqdad amuulizie. Bukhari na Muslim wameipokea habari hiyo. Haya yake ilibaki, na jibu akalipata. Nawe ukishindwa kutamka, mtume rafiki, au andika kwenye karatasi umpe daktari. Kuhusu kufunua uchi, wanazuoni wameruhusu kwa ajili ya tiba, kwa kiasi cha haja tu, na tabibu wa jinsia yako hutangulizwa akipatikana.

Sasa maradhi yenyewe. Kwetu Mella, mpakani, ni rahisi kupata krimu kuliko kupata daktari. Muuza dawa mmoja alinipa tyubu bila kuniuliza swali. Muwasho ulitulia siku chache, kisha ukarudi na kuenea mapajani. Daktari alinieleza sababu: krimu ile ilikuwa na steroidi. Steroidi hupunguza wekundu na muwasho, lakini hudhoofisha kinga ya ngozi, na fangasi hupata nafasi ya kuenea. Tena ukiitumia muda mrefu, ngozi ya kinenani huwa nyembamba na kupata michirizi.

Haya ndiyo ya kufuata:

1. Pimwa kwanza. Daktari anaweza kukwangua magamba kidogo ya ngozi yakatazamwa kwa hadubini. Si kila muwasho ni fangasi. Upele huwasha zaidi usiku, na mnaolala chumba kimoja hutibiwa pamoja. Ukiona kidonda, usaha au uvimbe, usichelewe.

2. Maliza dozi. Krimu ya fangasi kama klotrimazoli hupakwa kwa wiki 2 hadi 4, na huendelezwa hata baada ya ngozi kuonekana safi, kama ulivyoelekezwa. Isipofaa, rudi kwa daktari; huenda ukahitaji vidonge.

3. Tazama miguu. Fangasi ya vidoleni hupanda kinenani kupitia taulo na nguo. Tibu zote pamoja, na vaa soksi kabla ya chupi.

4. Jikaushe vizuri baada ya kuoga na kustanji, kwani unyevu hulisha fangasi. Vaa nguo za pamba zisizobana, wala usiazime taulo.

Mwenye kudhani muwasho ni jambo dogo lisilostahili kutajwa, akumbuke kwamba hariri ni haramu kwa wanaume, lakini Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Zubayr na Abdurrahman bin Awf kuivaa kwa sababu ya muwasho wa ngozi. Walieleza shida yao, wakapewa nafuu. Ikiwa sheria iliwalegezea wao, kwa nini wewe ukae chumbani ukijikuna na kuikosa raha ya sala?

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wallahu a'lam.