Kumpandisha Mbwa Kileleni

Jimbo la Colorado, Marekani, lina vilele zaidi ya 50 vinavyopita futi 14,000, yaani takriban mita 4,270, na kwenye vingi mbwa anaruhusiwa. Uliza kwanza, hata hivyo. Kilele kimoja, Longs Peak, kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, na humo mbwa ni marufuku kwenye njia za milimani, kama ilivyo Kilimanjaro.

Kwa safari ya kwanza chagua Mlima Quandary, njia ya ukingo wa mashariki. Ni ndefu na ina mawe, lakini hamna mahali pa kukwea kwa mikono. Mfunge kamba, maana mbuzi wa milimani ni wengi pale na pembe zao si mchezo. Ondokeni kabla hapajapambazuka: Julai na Agosti radi hupiga sana mchana, na saa sita iwakute mmekwisha kurudi kwenye miti.

Kinachowashinda mbwa wengi ni nyayo. Juu ya mpaka wa miti ardhi ni mawe makali yanayochuna ngozi saa baada ya saa. Agosti 2012, hukohuko Colorado, kwenye ukingo baina ya Mlima Bierstadt na jirani yake, mbwa aitwaye Missy aliumia nyayo hadi akashindwa kutembea. Dhoruba ikaja, mwenyewe akamwacha. Alikaa huko zaidi ya wiki moja, mpaka wapandaji wa kujitolea walipomshusha ndani ya shanta.

Basi mzoeshe viatu nyumbani wiki kadhaa kabla. Akivishwa mara ya kwanza mlimani atavitupa. Beba pia bendeji. Maji mpe kidogo kidogo kila mnaposimama, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na hewa ya juu ni kavu.

Usimngoje akuombe mrudi. Mbwa humfuata bwana wake hata akiwa hoi. Akianza kulamba nyayo, kuchechemea, au kujilaza kila mnapopumzika, geukeni hapo hapo, hata kilele kikiwa mbele ya macho. Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi, na bado hamjaanza.

Mwisho, nunua mbeleko ya mbwa na ujaribu kumbeba nyumbani, ngazini, juu na chini. Ukishindwa peke yako, tafuta mwenzako wa kupokezana naye kabla hamjaondoka.