Kuchaji Vyombo vya Umeme Bila Waya Katika Maegesho Janja

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza jinsi umeme unavyovuka hewa hadi kwenye betri;
(b) kutaja kazi za maegesho janja;
(c) kukokotoa ufanisi, muda na gharama ya kuchaji.

1. Kanuni

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kuwa uga wa sumaku unaobadilika huzalisha volti katika koili iliyo karibu. Hiyo ndiyo kanuni ya transfoma. Chaja isiyo na waya ni kama transfoma iliyotenganishwa: koili ya kwanza imefukiwa ardhini mahali pa kuegesha, koili ya pili imefungwa chini ya gari.

Kati yake hakuna chuma cha kuongoza uga, ila hewa tu. Ndiyo maana masafa ya mkondo hupandishwa kutoka Hz 50 za umeme wa TANESCO hadi takribani kHz 85. Uga ukibadilika haraka zaidi, volti inayozalishwa huwa kubwa zaidi. Ndani ya gari, rektifaya hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, kisha betri huchajiwa.

Teknolojia hii imekwisha kutumika: mwaka 2013 mji wa Gumi, Korea Kusini, ulianza kuendesha mabasi yanayochajiwa kutoka barabarani bila waya.

2. Kazi za maegesho janja

- Kitambuzi hujua kama nafasi ina gari au iko wazi, na dereva huona kwenye simu.
- Humwongoza dereva ili koili mbili zikabiliane.
- Hugawa umeme kwa zamu ili transfoma ya mtaa isizidiwe.
- Hutoza ada ya maegesho na ya umeme kwa pamoja. Malipo ya maegesho kwa namba ya kumbukumbu si mageni Tanzania, TARURA imeyatumia.

3. Mfano

Chukulia stendi ya Sumbawanga ina maegesho ya aina hii. Bajaji inahitaji kWh 5.4. Chaja inachukua kW 3 kutoka kwenye gridi. Uniti moja (kWh 1) ni Sh 350. Linganisha ufanisi wa 90% (koili zimekabiliana) na 75% (bajaji imeegeshwa upande).

Ufanisi 90%:
Nguvu inayofika = 3 × 0.9 = kW 2.7
Muda = 5.4 ÷ 2.7 = saa 2
Nishati kutoka gridi = 3 × 2 = kWh 6
Gharama = 6 × 350 = Sh 2,100

Ufanisi 75%:
Nguvu inayofika = 3 × 0.75 = kW 2.25
Muda = 5.4 ÷ 2.25 = saa 2.4 (saa 2 dakika 24)
Nishati kutoka gridi = 3 × 2.4 = kWh 7.2
Gharama = 7.2 × 350 = Sh 2,520

Kuegesha vibaya kumempotezea dereva Sh 420 na dakika 24 za kubeba abiria. Upotevu huo una uzito Rukwa, mkoa uliotegemea kwa miaka mingi umeme ulionunuliwa Zambia kupitia Mbala.

Jihadhari! Watahiniwa wengi huzidisha 5.4 kwa 0.9 ili kupata nishati ya gridi. Kumbuka: nishati ya gridi lazima iwe *kubwa* kuliko inayofika kwenye betri. Kwa hiyo gawanya: 5.4 ÷ 0.9 = 6.

4. Jipime

1. Kwa nini koili ya ardhini haiwezi kutumia mkondo mnyoofu?
2. Msumari umeanguka juu ya koili ya ardhini. Kwa nini ni hatari?
3. Stendi ina nafasi 10 za kW 3 kila moja, lakini umeme uliopo ni kW 18. Bajaji ngapi zitachajiwa kwa wakati mmoja?

Majibu

1. Mkondo mnyoofu usiobadilika hutoa uga usiobadilika, hivyo hakuna volti inayozalishwa.
2. Uga unaobadilika huzalisha mikondo ndani ya msumari, nao hupata moto. Chaja lazima iutambue na kujizima.
3. 18 ÷ 3 = bajaji 6. Nne husubiri zamu.